Simu Ikikwama Ukituma Pesa, Usikimbilie Kutoa Betri

Tukitembelea maajenti wetu Thika na Ruiru, kuna ushauri tunausikia kila mahali, kuanzia Makongeni hadi Kamakis: "Simu imekwama? Toa betri, rudisha, tuma tena." Kama betri haitoki, mtu anafinya kitufe hadi skrini iwe nyeusi. Sisi tunaona ushauri huu unawaumiza wateja, na ni wakati tuuache.

Fikiria matatu ikifika steji ya mwisho. Dereva anasimamisha gari, abiria wanashuka, anavuta breki ya mkono, ndipo anazima injini. Ndani ya simu pia kuna madereva. Hizi ni programu ndogo, kila moja ikisimamia kifaa chake: skrini, kamera, hifadhi, redio ya mtandao. Ukizima simu kwa menyu, mfumo unafunga programu zako, unaandika kwenye hifadhi data iliyokuwa bado inasubiri, kisha kila dereva anaambiwa asimamishe kifaa chake. Redio inauaga mtandao. Umeme unakatwa mwisho kabisa. Ndiyo maana simu huchukua sekunde kadhaa kuzima.

Ukitoa betri, hakuna dereva anayeambiwa kitu. Data ambayo haikuwa imeandikwa inapotea. Mara nyingi simu itawaka vizuri tu, lakini siku nyingine faili ndiyo inaharibika. Kwa ajenti anayeweka mauzo na madeni kwenye simu au kompyuta ya duka, hiyo ni hasara kamili. Stima ikipotea ghafla, kompyuta inapata shida hiyo hiyo, na ndiyo sababu betri ya akiba ni muhimu: inakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri.

Na pesa je? Hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Pesa yako haikai ndani ya simu. Ukishaweka PIN na ombi likafika kwenye mitambo yetu, kuzima simu hakulirudishi nyuma. Simu ikiwa imezimwa, ujumbe wa kuthibitisha unangoja kwenye mtandao hadi uiwashe, na wakati mwingine unachelewa hata baada ya hapo. Ukituma tena kabla haujafika, unaweza kulipa kodi ya nyumba mara mbili, na kumwomba mwenye nyumba akurudishie si mchezo.

Kwa hivyo, simu ikikwama, subiri kidogo kwanza. Halafu angalia salio, hata kama ni kwa kuweka laini yako kwenye simu nyingine. Kama pesa imetoka, usirudie. Ukihitaji kuzima, tumia menyu. Kufinya kitufe kwa muda mrefu au kutoa betri kuwe ni kwa simu ambayo haiitikii chochote.

Lakini tusiwalaumu wateja peke yao. Mtu aliye na foleni nyuma yake na skrini isiyosema lolote atafinya chochote kilicho karibu. Ni kazi yetu sisi kampuni za malipo kuhakikisha skrini inasema wazi: "Ombi limepokelewa, usitume tena." Maneno hayo manne yanaweza kumwokoa mtu pesa ya mwezi mzima.