Msiwasingizie watoto

Katika vikao vya familia hapa Lubumbashi, iwe Katuba, Kenya au Ruashi, kuna maneno yanayofunga kila mjadala. Mwanamke ameeleza miaka ya kupigwa na kutukanwa. Mume naye ametoa lake. Wajomba wamekohoa, shangazi amefuta machozi. Ndipo mzee mmoja anaponyoosha mkono: "Mama, vumilia. Kama si kwa ajili ya bwana huyu, basi kwa ajili ya watoto." Watu wanaitikia, chupa za Simba zinafunguliwa, na watoto wenyewe, waliokaa uani wakisikia kila neno, hawajaulizwa kitu.

Nasema wazi kwamba watoto wanasingiziwa. Kinacholindwa katika kikao kile ni mahari, kwa sababu upande wa mke unaogopa kuirudisha. Kinalindwa pia kiti cha baba kanisani, na jina la ukoo mbele ya majirani. Wazee wana haki ya kuvitetea vitu hivyo, ila wavitaje kwa majina yake.

Mtoto ambaye mama anaambiwa avumilie kwa ajili yake anaishi vipi? Nyumba nyingi za cité zina vyumba viwili au vitatu, na ukuta hauzuii neno. Anajifunza kusoma mlio wa geti: likifunguliwa hivi baba amerudi salama, likifunguliwa vile usiku utakuwa mrefu. Siku za kununiana anageuzwa mjumbe. "Mwambie baba yako bukari iko mezani," na baba amekaa hatua mbili kutoka hapo. Shuleni mwalimu anamwita mvivu, kumbe hakulala. E. Mark Cummings, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, ametumia miongo kadhaa kuchunguza jambo hili. Aliona kwamba mtoto haumizwi na vipigo peke yake, hata ule ukimya wa wazazi walionuniana unamsumbua. Na akiona ugomvi umemalizika kweli, anatulia. Kwa hiyo wale wanaojisifu kwamba "sisi tunagombana watoto wakiwa wamelala" hawajamficha mtu kitu.

Mwaka 1995 Paul Amato, Laura Loomis na Alan Booth walitoa matokeo ya kufuatilia familia za Marekani tangu 1980 hadi 1992. Watoto wa nyumba zenye vita kali walikuwa na hali bora ukubwani pale wazazi walipoachana kuliko pale walipobaki pamoja. Sehemu ya pili ya matokeo hayo hainipendezi sana, lakini siifichi: pale ugomvi ulipokuwa mdogo, watoto waliumia zaidi wazazi walipotengana. Basi anayemwacha mkewe kwa kuchoka tu asije kunitumia mimi kama wakili. Marekani si Kamalondo, nakubali, ila sijaona sababu ya kuamini kwamba kilio cha usiku kinamwingia mtoto wa Katanga kwa namna nyingine.

Watu watasema kuachana ni mambo ya wazungu, mababu hawakuyajua. Hapo ndipo ninapocheka. Miaka ya 1930 Audrey Richards alikaa kwa Wabemba, ng'ambo ya mpaka wetu wa Kasumbalesa, na akaandika juu ya ndoa zao. Kuachana kulikuwa jambo la kawaida. Mtoto hakubaki hewani, kwani kwa Wabemba, kama kwa Walamba, ukoo unapita kwa mama, na mjomba alikuwepo. Kwa Waluba mtoto ni wa ukoo wa baba, nako alikuwa na mahali pake. Ndoa isiyovunjika hata nyumba ikiwaka moto ilihubiriwa hapa na wamisionari, ikapewa nguvu na kampuni. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni hiyo ya madini, Union Minière, ilitaka wafanyakazi wenye wake kambini, ili watu watulie kazini. Posho ilihesabiwa kwa mke na watoto. Hospitali ilikuwa ya kampuni, shule ya kampuni, na vyote vilipita kwa jina la baba. Gécamines, iliyoirithi, iliendeleza mtindo huo. Mama aliyefunga mizigo yake alipoteza unga, daktari na dawati la mtoto kwa siku moja. Kuvumilia kulikuwa na hesabu yake, na sitamcheka bibi kizee aliyevumilia kambini kwa hesabu hiyo.

Lakini kampuni ilianguka miaka ya 1990, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walichukua bahasha ya kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Mwanahistoria wetu Donatien Dibwe dia Mwembu, katika jina la kitabu chake cha 2001, alishawaita watu wa Shaba, yaani Katanga yetu, watoto waliotelekezwa na baba yao. Posho imekwisha, maneno ya posho yamebaki.

"Na bashege, watoto wa mitaani, je?" nitaulizwa. "Si watoto wa waliotengana?" Wengine ndiyo. Human Rights Watch, katika ripoti yake ya 2006 iliyogusa pia Lubumbashi, ilieleza jinsi watoto wanaolelewa na mzazi wa kambo au jamaa wanavyoitwa wachawi na kufukuzwa. Tazama nani anafukuza: mtu mzima, mara nyingi akiwa na nabii wake pembeni, ingawa Katiba ya 2006 inakataza kumshtaki mtoto uchawi. Na baba mzazi yuko wapi? Amehamia Kolwezi, ana nyumba mpya, simu haipatikani. Aliachana na mke, akaona ameachana na watoto pia, na hakuna mzee wa kikao aliyemfuata.

Sheria haikumruhusu baba huyo kuwaacha watoto. Kanuni ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inamtaka hakimu ajaribu kwanza kuwapatanisha. Ikishindikana, malezi yanaamuliwa kwa faida ya mtoto, na mzazi asiyekaa naye anabaki na wajibu wa kuchangia kulingana na uwezo wake. Ndoa nyingi zetu zinavunjikia sebuleni na hazifiki huko. Basi kikao cha sebuleni kianze na kazi hiyo. Kabla mtu hajataja mbuzi wa mahari, iandikwe kwenye karatasi mtoto atalala wapi, nani analipa shule, baba atatoa kiasi gani kila mwezi, na siku zipi atakuja kumwona. Baba asaini, mjomba asaini. Baba akikataa, aitwe mbele ya mahakama ya amani, na wazee waliokuwa na maneno mengi ya uvumilivu wakasimame huko kama mashahidi.