Daftari Lililojaa

Wako wazazi wapimao kazi ya mwalimu kwa kurasa. Mtoto arudipo nyumbani hufunguliwa daftari lake, likiwa limejaa maandishi, mwalimu husifiwa, na likiwa tupu mtoto huulizwa, "Leo mmecheza tu?" Na wako waalimu, wenzangu katika kazi hii, waliokwisha kulitambua jambo hilo, nao huwapa wazazi kile wakitakacho. Huandika ubaoni tangu mwanzo wa kipindi hata mwisho, watoto wakanakili, na somo likahesabiwa kuwa limefundishwa. Ugomvi wangu ni juu ya daftari hilo, hasa katika masomo ya nchi na watu wake, yaani historia, jiografia na uraia, au maarifa ya jamii, kwa jina lo lote lililopewa kila mtaala ulipobadilishwa. Majina yamebadilika mara nyingi kuliko ufundishaji.

Tutazame habari za serikali ya kijiji hapa kwetu Tanzania. Mtoto hunakili ya kwamba Halmashauri ya Kijiji ina wajumbe wasiopungua 15 wala kuzidi 25, na ya kwamba Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18. Ni kweli, ndivyo isemavyo sheria ya mwaka 1982. Lakini mtoto huyo hajapata kuwaona watu watatu wakishindana kwa hoja pasipo matusi, wala hajapata kushika kitabu cha mapato na matumizi. Akiisha kukua ataketi nyuma mkutanoni, chini ya mwembe. Ataona mikono ikiinuliwa, naye atauinua wake.

Na mambo yanayoamuliwa chini ya mwembe huo si madogo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yakataza Halmashauri kugawa ardhi ya kijiji pasipo kibali cha Mkutano Mkuu. Ni ulinzi mkubwa huo, ikiwa waliohudhuria wajua kuuliza. Shamba hilo ni ekari ngapi? Mpaka wake u wapi? Atakayepewa ni nani, na kwa muda gani? Maswali kama hayo hayamjii mtu kwa ghafula siku ya mkutano, ikiwa tangu utoto wake alifundishwa kunyamaza na kunakili.

Basi darasa na liwe kijiji kwa kipindi kimoja. Watoto wachague mwenyekiti, mwandishi na wajumbe kwa kura za karatasi, mwalimu akae nyuma anyamaze, jambo ambalo kwetu sisi waalimu ni gumu kuliko yote. Walete shauri la kweli, si la kubuni: zamu ya kuchota maji ya kunywa, au mpira ulionunuliwa kwa mchango wao umekwenda wapi, au miche iliyokauka mbele ya shule ilikuwa mikononi mwa nani. Mtunza hazina wao asome hesabu, hata kama ni shilingi 2,000 tu, na wenzake wamwulize. Mwandishi aandike muhtasari, usomwe mkutano ujao, na mtoto aliyeandikiwa maneno yasiyo yake asimame aseme, "Mimi sikusema hivyo." Mimi huliona neno hilo moja kuwa na uraia ndani yake kuliko kurasa 10 za kunakili.

Wala si fikira mpya. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alitaka wanafunzi washiriki katika kuamua mambo ya shamba la shule yao. Naona shule nyingi zilichukua jembe, zikaliacha shauri.

Jiografia nayo ni vivyo hivyo. Mtoto huchora Afrika nzima pamoja na maziwa yake, na ukimwuliza kaskazini ni upande gani wa mlango wa darasa, hutazama dari. Yoshua alipotaka kuigawa nchi kwa makabila yaliyosalia, hakuwaketisha watu hemani wakanakili; aliwatuma waipite nchi kwa miguu, waiandike. Watoto wetu nao wahesabu hatua toka shule hata kisimani, toka kisimani hata kanisani, kisha wachore.

Na historia? Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliwaendea wazee vijijini, wakaandika ushuhuda wao juu ya Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hata 1907. Wangalichelewa miaka 20, wangaliyauliza makaburi. Leo wapo kati yetu wazee waliohamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya 1973 hata 1976, na wengine waliokwenda vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979. Wanaketi barazani kwao, hatua chache toka shuleni, nasi twawaandikia watoto ubaoni tarehe za mambo ambayo jirani yao aliyaona kwa macho.

Huambiwa, "Darasa langu lina watoto 90, haiwezekani." Lakini watoto 90 ndio mkutano hasa! Na kwa mzee wapelekwe sita sita, wenye maswali waliyoyaandika mbele. Wengine hutaja mtihani wa Darasa la Saba. Maswali yake mengi ni ya kuchagua herufi, nami sijaona jinsi mtoto aliyewahi kuuongoza mkutano awezavyo kusahau kazi ya mwenyekiti. Wala mitaala haitukatazi. Tangu mwaka 2005 yenyewe yataka umahiri wa kutenda.

Lakini iko hoja ya mwisho, nayo husemwa kwa sauti ya chini: watoto wakizoea kuuliza hesabu darasani, watauliza hesabu za michango ya shule, kisha za kijiji, kisha za kanisa. Hili sikani; watauliza. Na mtunza hazina mwenye kitabu safi, ambaye kila mwaka huwasomea hesabu zake watu wanaosinzia, atafurahi kupata wasikilizaji.