Mke Aliyepigwa Abishe Mlango wa Nani?



Imamu Malik amepokea katika Muwatta kwamba Mtume (s.a.w.) alitoka kwenda kuswali Alfajiri akamkuta mwanamke amesimama gizani mlangoni pake. Alikuwa Habiba bint Sahl (r.a.), mke wa Thabit bin Qays. Riwaya ya Abu Daud yaeleza kuwa mumewe alimpiga hata akamvunja. Mtume (s.a.w.) alimsikiliza. Hamna katika habari hiyo neno la kumrudisha akavumilie: alirejesha alichopewa na mumewe, akakaa kwa watu wake.

Sasa tumtazame dada yetu wa Buguruni au Tandika atokaye usiku na mtoto mgongoni. Msikiti una kufuli mpaka adhana. Kwao ni Kigoma, na nauli hana. Polisi, kwenye Dawati la Jinsia, atapewa PF3 akatibiwe. Baada ya hapo atalala wapi? Kukicha huletwa mbele ya baraza letu la usuluhishi, nasi humpa nasaha ya subira, kisha wazee watatu humsindikiza hadi kwa yule yule aliyempiga. Hiyo ndiyo tuiitayo sulhu!

Wapo watakaotujibu kwa aya ya 34 ya Suratun-Nisaa, aya ambayo huihifadhi hata asiyeimudu Al-Fatiha. Tunawauliza: aliyeteremshiwa aya hiyo aliishi nayo vipi? Bibi Aisha (r.a.) ameshuhudia, na Muslim amepokea, kwamba Mtume (s.a.w.) hakupata kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Fatima bint Qays (r.a.) alipoposwa na Abu Jahm, Mtume alimtahadharisha kuwa bwana huyo fimbo haimtoki begani. Fimbo ilitosha kuwa aibu ya mposaji. Leo tunaifanya haki ya mume. Na aya ya 35, inayotaka mwamuzi wa upande wa mke pia, mbona haisomwi barazani? Hata Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, yasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo.

Wengine husema nyumba za hifadhi ni uzushi wa wazungu. Basi na wasome Sahihi Bukhari. Mjakazi mmoja aliyesingiziwa wizi na watu wake alikimbilia kwa Mtume (s.a.w.), akasilimu, akawa na hema lake ndani ya msikiti. Na Cairo, mwaka 684 Hijria (1285), Tidhkaray Khatun, binti wa Sultani Baybars, alijenga Ribat al-Baghdadiyya. Al-Maqrizi ameandika kuwa wanawake waliopewa talaka au kutelekezwa walihifadhiwa humo mpaka waolewe tena au warejee kwa waume zao. Hawakupewa usiku mmoja na chai ya asubuhi, bali muda wa kutosha mambo yao yakae sawa.

Ni nani basi aliyeiacha njia hii? Tazameni wakfu zetu. Fremu za maduka zimezunguka misikiti, kodi hukusanywa, mazulia hubadilishwa yangali mapya, vipaza sauti huongezwa mpaka majirani wanaziba masikio. Chumba kimoja cha mama na wanawe hakipo. Kinachotakiwa si kasri: vyumba viwili visivyotangazwa mimbarini, mwanamke mwaminifu wa kushika ufunguo, fungu la zaka kwa chakula (asiyekuwa na kitu mkononi ni fakiri, hata kama mumewe ana gari), mtu wa kumfuatilia khului na matunzo ya watoto, na mtaji mdogo siku ya kuondoka.

Kamati itakaposoma mapato na matumizi, mmoja wenu asimame aulize: ni fremu ipi mkataba wake unakwisha mwaka huu?