Kinachogonga Butini

Ndugu msomaji, juma hili tuiache injini ipumzike, twende nyuma ya gari, mahali ambapo wengi wetu hatupatazami ila siku ya kurudi sokoni. Nataka tuzungumze habari ya ule mlio wa ko-ko-ko unaotoka butini kila gari linapopita juu ya tuta. Ni mlio mdogo. Lakini mtu aliyeusikia miezi mitatu mfululizo, asubuhi akienda kazini na jioni akirudi, hawezi tena kuuita mdogo.

Mimi niliusikia miezi mitatu. Gari letu ni dogo, la milango minne, lililokwisha kutumika ng'ambo kabla ya kufika kwetu, na halina la kujivunia ila kwamba limelipiwa lote. Nililipeleka kwa fundi mmoja. Akalikandamiza nyuma mara mbili, akatikisa kichwa, akasema, "Mzee, shokapu zimekufa." Sikumwuliza amejuaje. Nikatoa fedha zilizokuwa zimewekwa kwa ajili ya sare za shule, shokapu mbili mpya zikafungwa, na asubuhi yake, kwenye tuta la kwanza, mlio ukanisalimu kama kawaida. Mama Rehema alikuwa ameketi kando yangu. Hakusema neno, na kunyamaza kwake kuliniuma kuliko bei ya shokapu.

Basi wewe usianze nilikoanza mimi. Anza na lisilo na gharama. Toa kila kitu butini, wala si vile vikubwa tu: dumu la maji, mtungi wa kuzimia moto, pembe tatu ya tahadhari, spana ya magurudumu, viatu vya mpira vya mtoto, hata zulia lenyewe. Kisha pita njia ile ile, kwa mwendo ule ule. Aghalabu shauri huishia hapo, na kazi inayobaki ni kuvirudisha vitu kimoja kimoja mpaka umpate mkosaji. Jeki ndiyo hushitakiwa mara nyingi, na kwa haki. Wengi hawajui kwamba katika magari mengi jeki haiwekwi tu mahali pake. Huwekwa, kisha huzungushwa kwa mkono ijitanue mpaka ibane. Tairi la akiba nalo lina parafujo yake kubwa ya kulikandamiza. Ikiwa parafujo hiyo imepotea, au umeweka tairi lisilo la kipimo cha gari lako, litacheza, na hakuna shokapu duniani itakayolinyamazisha.

Ikiwa buti ni tupu na mlio bado upo, jiulize unatokea wakati gani. Gari likiwa limesimama na injini inanguruma polepole, na mlio ukaendelea, tafuta kwenye bomba la moshi: mipira inayolining'iniza hukatika, na mabati ya kuzuia joto hulegea. Subiri lipoe kabisa, kisha litikise kwa mkono. Ukiwa mwendoni, ukakanyaga breki kidogo tu na mlio ukakoma papo hapo, basi huna shida na buti bali na breki za nyuma. Na kama unazishuku shokapu, zipime kabla ya kufungua mfuko. Katika magari mengi ya namna hii vichwa vyake hujitokeza ndani ya buti. Weka kiganja juu ya nati ya kichwa, mwombe mwenzako alitikise gari kwa nguvu. Penye ulegevu utausikia mkononi. Jambo hili huchukua dakika mbili, na laiti ningalilijua, watoto wangalivaa sare zao mwezi ule ule.

Msaidizi wa kusikiliza na akae kiti cha nyuma. Nimekwisha kuwasikia watu wakijitapa kwamba walijifungia ndani ya buti huku gari likiendeshwa, ati wapate kusikia vizuri. Usifanye hivyo, wala usimruhusu kijana wako. Buti huenda isifunguke kwa ndani, lina joto kali, na hewa yake yaweza kuwa na sumu, kama nitakavyoeleza.

Aliyetegua kitendawili chetu si mimi. Tulikuwa tunarudi kutoka msibani Kibaha, tukasimama kando ya barabara kununua mihogo. Mama Rehema akaweka kapu juu ya kifuniko cha buti, akaegemea. Ko. Akainua mkono, akaegemea tena. Ko. Akaniita kwa utaratibu, "Baba Rehema, njoo usikie shokapu zako." Kifuniko, ambacho nilikuwa nikikifunga kila siku na kuamini kimefunga, kilikuwa kinacheza juu ya komeo lake upana wa kucha.

Kukipima kifuniko hakuhitaji fundi. Chukua kipande cha karatasi, kifungie kati ya kifuniko na mpira unaozunguka mdomo wa buti, kisha uvute. Karatasi ikigoma, mpira unabana. Ikiteleza bila kizuizi, hapo hapana mfungo. Rudia pande zote. Au ngoja giza liingie, washa tochi, iweke butini, ufunge, utazame ukingoni. Usiku ule, mbele ya mlango wetu, tuliona mwanga upande wa kulia, urefu wa shibiri moja. Mpira ulikuwa umelala kwa uzee na kwa magunia ya mkaa niliyokuwa nikiyaburuza juu yake.

Dawa yake ni hii. Chini ya komeo kuna chuma kilichopinda ambacho komeo hukikamata, nacho kimefungwa kwa boliti mbili. Kichore kwa penseli pembeni ujue kilipokuwa, legeza boliti kidogo, kishushe milimita moja au mbili, kaza, ufunge kifuniko na kujaribu. Usishushe kwa pupa, maana kifuniko kitakataa kufunga. Pembeni mwa magari mengi mna vidude vya mpira ambavyo kifuniko hukalia. Ukivizungusha vitoke kidogo, kifuniko hukaa imara. Mpira uliolala haufufuki. Nunua mwingine, hata uliotumika, ili mradi ni laini na haujapasuka. Ukiwa hapo, tazama pia kibao cha namba. Kikilia, kiwekee nyuma yake kipande cha mpira wa baiskeli.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Mtoto wetu wa mwisho hukaa nyuma. Kwa miezi ile ile mitatu alikuwa akilalamika kichwa kila tunaposafiri, na mara mbili alitapika kwenye foleni ya Kimara. Tulisema gari humsumbua, kama linavyosumbua watoto wengi. Tukamnunulia ndimu ya kunusa. Hatukuyaunganisha mambo mawili. Gari linapokwenda mbele huacha nyuma yake kama pengo la hewa, na moshi wa bomba huzunguka humo. Kifuniko kikiwa na ufa, moshi huvutwa butini, na kutoka butini hupenya viti vya nyuma. Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa urahisi unaozidi ule wa oksijeni mara 200 na zaidi. Dalili zake za kwanza ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi, yaani mambo yale yale tunayoyasingizia safari.

Nililipeleka gari kwa fundi mwingine, safari hii nikiwa na swali mkononi. Alilipandisha, akapapasa bomba la moshi, akanionyesha tundu la kutu juu ya sailensa, mahali ambapo mtu aliyesimama hawezi kupaona. Likazibwa siku hiyo hiyo. Siwezi kuapa kwamba ndilo lililomtapisha mtoto. Joto na foleni navyo vina sehemu yao. Nasema tu kwamba tangu siku ile hajatapika.

Kwa hiyo, msomaji, ikiwa abiria wako wa nyuma huumwa kichwa garini na kupona wakishuka, usingoje. Simamisha gari, fungua milango yote, watoke nje wapate hewa safi, na aliyelegea au kuchanganyikiwa apelekwe hospitali mara moja. Kisha bomba na kifuniko vikaguliwe kabla ya safari nyingine. Hali kadhalika ile desturi yetu ya kufunga buti kwa kamba kwa sababu godoro limezidi: mimi mwenyewe nilimhamisha shemeji yangu hivyo, kutoka Mbagala hadi Tabata, watoto wakiwa nyuma. Ikiwa hapana budi, watoto wasipande, madirisha ya mbele yafunguliwe, na feni ivute hewa ya nje. Lakini kukodi mkokoteni au kirikuu ni nafuu zaidi.

Sare zimekwisha kununuliwa. Gari sasa ni kimya, ila kwa mlio mmoja mwembamba uliosalia baada ya yote, tik-tik, kila tunapokata kona ya kuingia mtaani kwetu. Jumamosi iliyopita nilikitikisa kifuniko kikiwa wazi, ikadondoka gololi ya kijani kutoka kwenye tundu la ubavuni. Mdogo wao akaiokota na kuitia mfukoni kabla sijauliza ni ya nani.