404 na 504: Tuache kubishania mbio, tuulize breki

Jumamosi moja hapa Rohero, kwa jirani yangu fundi magari, wazee wawili nusura wagombane. Chanzo ni Peugeot mbili zilizoegeshwa uani, 404 na 504. Mmoja alishikilia kuwa halijatengenezwa gari la kuishinda 404. Mwenzake, dereva mstaafu, akajibu kuwa 504 ni mtoto aliyempita baba. Wakanigeukia: "Mwalimu, hebu tuamulie."

Mimi nimezaliwa na kusomeshwa ukimbizini Tanzania, na ubishi huu niliukuta huko. Naomba niuamue hapa gazetini.

404 ilitoka mwaka 1960 na injini ya cc 1,618, mwendo wake wa juu ukiwa karibu kilomita 140 kwa saa. Ilishinda mashindano ya Safari mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva aliyeishi Tanzania. 504 ilikuja mwaka 1968 na injini ya cc 1,796, kisha cc 1,971, ikavuka kilomita 150 kwa saa. Yenyewe ilitwaa Safari mwaka 1975, na ile ya milango miwili ikashinda mwaka 1978. Kwa vikombe, 404 inaongoza. Kwa nguvu, ni 504.

Lakini ndugu zangu, ni nani kati yetu anayekwenda kilomita 140 kwa saa? Barabara yetu kubwa inashuka kutoka Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hadi Bujumbura kando ya ziwa, katika kilomita zisizofika 40. Gari la tani moja na robo likiteremka hapo, kama kazi yote ingeachiwa breki, joto lake lingetosha kuchemsha lita 40 za maji. Swali la kwetu ni gari gani litasimama.

Hapo 504 inashinda. 404 za mwanzo zilikuwa na breki za ngoma magurudumu yote, na ngoma ikipata moto sana hulegea. 504 za mwanzo zilikuja na diski mbele na nyuma, ambazo hupigwa na upepo na kupoa haraka.

Nilipofika hapo dereva mstaafu alitabasamu. Nikamuuliza: "Mzee, ukishuka Bugarama unafanyaje?" Akajibu bila aibu: "Nazima injini, naweka fri. Mafuta yenyewe yako wapi?"

Hilo ndilo linalonitia hofu. Tangu uhaba wa mafuta ulipotubana mwaka 2021, wako madereva wanaoteremka hivyo, tena wakiwa na abiria. Injini ikizimwa, kile kifaa kinachosaidia mguu kukandamiza breki hakipati nguvu. Ukikanyaga mara mbili tatu, pedeli inakuwa ngumu kama jiwe. Diski nne za 504 hazitakusaidia kitu. Na mbele yako kuna vijana wa baiskeli zilizosheheni ndizi, nao wanateremka.

Tena faida yenyewe ni ndogo. Magari mengi ya kisasa, ukiondoa mguu kwenye mafuta huku gia imeshika, hukata petroli yenyewe. Ukiweka fri injini ikiwa inanguruma, inaendelea kunywa. Kwa gari kuukuu, unachookoa ni kidogo mno kukilinganisha na roho ya mtu.

Hukumu yangu basi ni hii: 504 ni gari bora, lakini 404 inayoteremka kwa gia ya pili ni salama kuliko 504 iliyozimwa. Wakaguzi nao wasiishie kwenye taa na karatasi. Wafungue magurudumu waone ngoma na diski. Nasi abiria, dereva akizima injini mlimani, tupige kelele. Kumkera dereva ni afadhali kuliko kuchimbiana makaburi.