MAPAMBO YA SIKUKUU YANAYOLIKA



Sikukuu ikikaribia, watoto hutaka nyumba ipendeze. Dukani kuna mapambo ya plastiki. Yanang'aa, lakini yanagharimu fedha, na baada ya siku chache huwa takataka. Mwezi huu tujifunze kutengeneza mapambo ya chakula. Yanapamba nyumba, kisha yanaliwa.

Jambo hili si geni. Katika mji wa Strasbourg, ambao leo uko Ufaransa, iliandikwa mwaka 1605 kwamba watu walipamba miti ya Krismasi kwa maua ya karatasi, matofaa na vitu vya sukari. Walitumia walichokuwa nacho. Sisi nasi tuna mahindi, unga na iliki.

SHADA LA BISI

Kaangeni mahindi ya bisi kwa mafuta kidogo sana, bila chumvi wala sukari. Msizitunge siku hiyo hiyo. Bisi mpya huvunjika. Ziacheni zilale usiku mmoja zikiwa zimefunikwa kwa kitambaa safi. Kesho yake zitakuwa laini kidogo na sindano itapita vizuri. Mtoto mkubwa atunge kwa sindano na uzi imara. Mdogo amchagulie bisi nzuri. Tundikeni shada dirishani au kwenye tawi la mti.

NYOTA NA MWEZI WA BISKUTI

Tafuteni vitu hivi: unga wa ngano vikombe 2, sukari nusu kikombe, siagi au samli nusu kikombe, yai 1 na iliki kidogo iliyotwangwa.

1. Changanyeni siagi na sukari mpaka vilainike. Tieni yai na iliki, kisha unga. Kandeni. Donge likiwa kavu mno, ongezeni maziwa kijiko kimoja.
2. Sukumeni donge liwe na unene wa nusu sentimita.
3. Kateni maumbo. Kwa mwezi wa Idi, kateni duara kwa mdomo wa glasi. Sogezeni glasi pembeni kidogo, mkate tena. Mwezi mwandamo utabaki. Kwa nyota ya Krismasi, fuatisheni karatasi ngumu safi kwa ncha ya kisu.
4. Toboeni tundu la uzi kwa kijiti safi, mbali kidogo na ukingo.
5. Kama hamna tanuri, tumieni sufuria kubwa yenye mchanga mkavu ndani yake. Wekeni sinia ndogo ya biskuti juu ya mchanga. Funikeni. Wekeni makaa machache chini na mengine juu ya mfuniko. Tazameni baada ya dakika 15. Zikigeuka rangi ya dhahabu, zimeiva.

Pikeni nje au mahali penye hewa. Moshi na hewa ya mkaa katika chumba kilichofungwa huua.

Simikeni tawi katika debe la mchanga. Wekeni debe ndani ya karai lenye maji. Sisimizi hawatavuka. Tundikeni biskuti siku moja tu kabla ya sikukuu. Msiweke mshumaa wala kibatari karibu na tawi.

MAMBO YA KUANGALIA

Kwanza, rangi. Usitie katika chakula rangi ya kutia ukindu wa mikeka, wala wino, wala rangi ya nguo. Hizo si chakula. Zinaweza kumdhuru mtoto. Kwa rangi ya njano tumia manjano kidogo. Kwa nyekundu tumia maji ya rozela.

Pili, ukungu. Mahindi yaliyoota ukungu yanaweza kuwa na sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sababu ya sumu hii katika chakula. Kukaanga hakuiondoi. Kuosha hakuiondoi. Mahindi yenye ukungu, yaliyobadilika rangi au yaliyosinyaa, yatupeni. Msiwape kuku wala mbuzi.

Tatu, umri wa mtoto. Mtoto aliye chini ya miaka minne asipewe bisi. Zinaweza kumkwama kooni. Yeye mpeni biskuti laini, na mtu mzima akae naye.

Nne, moto. Kazi ya makaa ni ya mtu mzima. Mtoto akiungua, mwagieni maji safi ya baridi kwa dakika 20. Msimpake mafuta wala dawa ya meno. Kisha mpelekeni zahanati.

Kazi hii si ya mama peke yake. Baba apalie makaa. Bibi aonje iliki. Mtoto anayejua kusoma awasomee wenzake hatua hizi, moja baada ya nyingine. Siku ya sikukuu, kila mtoto achume pambo moja kwanza ampelekee jirani. Yanayobaki ni yenu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini bisi zilazwe usiku mmoja kabla ya kutungwa?
2. Nyumbani kwako mahindi huhifadhiwa wapi? Je, hapo ni pakavu?
3. Ni rangi gani zinazouzwa kijijini kwako ambazo hazifai kuliwa? Watoto wanazijua?