Kuelea na Kutuama

Mama wa Ilongero, mkoani Singida, achotapo maji ya lambo wakati wa masika huyaacha ndooni usiku kucha, na asubuhi huyakuta yangali mekundu. Chembe za udongo mfinyanzi hazikutuama, kwa kuwa kila chembe ina chaji hasi, na chaji za namna moja hufukuzana. Ikitiwa shabu kidogo, au unga wa mbegu za mlonge kama ilivyo desturi ya wanawake wa vijijini nchini Sudan, chaji hizo hupozwa. Chembe hushikamana, huwa nzito, nazo huzama. Ndoo hiyo ni maabara, ingawa wachache huitambua hivyo.

Kanuni iyo hiyo ndiyo itawalayo jambo ambalo wataalamu wa dunia wanalishughulikia kwa bidii, yaani oksidi ya grafini. Kitu hiki hutokana na kinywe, madini ambayo Tanzania imejaliwa kuwa nayo huko Mahenge, Ruangwa na kwingineko. Brodie, mkemia wa Uingereza, alikiunguza kinywe kwa kemikali kali mwaka 1859. Hummers na Offeman wa Marekani wakatoa njia ya haraka zaidi mwaka 1958, kwa kutumia asidi ya sulfuriki na pamanganeti ya potasiamu. Kinywe kilichotendewa hivyo huachana majini kuwa karatasi zenye unene wa nanomita 1 hivi. Karatasi laki moja zikipandanishwa hufikia takriban unene wa unywele mmoja.

Katika maji safi karatasi hizi huelea vema, kwani nazo zina chaji hasi. Lakini maji ya visima si maji ya maabara. Yana chumvi, kalsiamu na magnesiamu, ambazo huifunika chaji na kuzifanya karatasi zigande kama maziwa yaliyokamuliwa ndimu. Hapo ndipo wakemia hutumia polima za mafungu, yaani nyuzi ndefu za molekuli zenye sehemu mbili za tabia tofauti. Sehemu moja huing'ang'ania karatasi. Ya pili hupenda maji, nayo hujitandaza nje kama manyoya ya kondoo. Karatasi mbili zikikaribiana, manyoya hayo husukumana, wala chumvi haina nguvu kubwa juu yake.

Wapo wasemao kwamba elimu kama hii ni anasa, haimhusu mkulima wa alizeti wa Ilongero. Kauli hiyo si sahihi. Singida ni miongoni mwa mikoa ambayo baadhi ya visima vyake vina floraidi nyingi, iharibuyo meno ya watoto na, ikizidi, mifupa ya wazee. Shirika la Afya Duniani hupendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Dawa yoyote ya maji inayosifiwa itafika Singida mapema, nao wananchi hawana budi kuweza kuipima.

Hata hivyo, wanaoshangilia nao yafaa waonywe. Floraidi majini ina chaji hasi, sawa na karatasi ya oksidi ya grafini. Kwa hiyo karatasi tupu haiwezi kuikamata vizuri mpaka ioanishwe na kitu kingine, kama vile oksidi ya alumini. Tena, sifa ileile inayompendeza mkemia, ya kuelea bila kutuama, ni hatari katika maji ya kunywa. Karatasi iliyovikwa polima haizami ndooni, na mchanga wa kawaida huenda usiizuie. Madhara yake kwa mtu aliyeinywa miaka mingi yangali yanachunguzwa. Si haki wananchi wafanywe chombo cha uchunguzi huo.

Basi njia yenye busara ni ya chujio, ambamo maji hupita na dawa hubaki. Mfano upo nchini. Mwaka 2015 Askwar Hilonga, mhandisi wa kemia wa Arusha, alipata Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, iliyotolewa kwa mara ya kwanza na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, kwa chujio liunganishalo mchanga na malighafi za nano kulingana na uchafu wa maji ya mahali. Polima za mafungu zina kazi yake kiwandani, katika kuzitandaza karatasi sawasawa kabla hazijafungwa ndani ya chujio. Kazi hiyo ikiisha, kisibaki kitu cha kuelea.

Kila mtafiti aombaye fedha za umma kwa kazi ya namna hii hana budi kuulizwa maswali mawili: ataifanyaje dawa yake ielee, na ataitoaje majini? Anayejibu la kwanza tu amefanya nusu ya kazi. Nazo shule za sekondari zianze somo hili kwa ndoo ya maji ya lambo na kipande cha shabu, vitu ambavyo mwanafunzi wa Ilongero havihitaji kuagizwa ng'ambo.